Orodha ya Wakala na Swali Ambalo Mwenye Gari Hakuuliza

Karakana nyingi za mawakala rasmi wa magari zimeacha desturi ya kumpa mteja karatasi yenye bei tupu. Siku hizi gari likiingia hata kwa kumwagwa oili tu, fundi hulipandisha juu, hupiga picha na pengine video fupi ya uvungu wake, kisha mteja hupokea kwenye simu orodha ndefu iliyopakwa rangi: kijani kwa kilicho kizima, njano kwa kinachoelekea kuchoka, nyekundu kwa kinachodaiwa kuhitaji kushughulikiwa mara moja. Chini ya orodha hukaa jumla ya gharama, na kwa gari lenye umri wa miaka kumi na miwili au kumi na mitano jumla hiyo mara nyingi huikaribia bei ambayo gari lenyewe lingeuzwa. Wenye magari wa kipato cha kawaida huipokea orodha hiyo kwa namna mbili. Wapo wanaohitimisha kwamba wakala ni mnyang'anyi, wakaondoka na kuipuuza orodha yote. Wapo pia wanaohitimisha kwamba gari limekwisha kufa, wakaanza kutafuta mkopo wa kununua jingine.

Makundi yote mawili, kwa maoni yangu, yanaisoma vibaya karatasi ileile. Makadirio ya wakala hayajibu swali ambalo mwenye gari kuukuu analo moyoni. Yeye anataka kujua atawezaje kuendelea kulitumia gari hili kwa usalama, kwa mwaka mmoja au miwili ijayo, kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Wakala amejibu swali jingine kabisa: ni kazi gani zinahitajika ili gari hili lirudi karibu na hali liliyokuwa nayo lilipotoka kiwandani, kwa vipuri vipya vya kampuni, kwa mkupuo mmoja, na kwa namna ambayo karakana haitalaumiwa baadaye. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli tupu, lisilo na uongo hata wa neno moja, na bado likawa jibu lisilomfaa aliyelipokea. Kwa hiyo orodha hiyo haistahili kukubaliwa yote wala kukataliwa yote, inastahili kufumuliwa.

Suala hili linagusa watu wengi kuliko zamani, kwa kuwa magari yanaishi zaidi. Nchini Marekani, ambako takwimu hizi hufuatiliwa kila mwaka, kampuni ya S&P Global Mobility ilieleza kwamba wastani wa umri wa magari yaliyo barabarani mwaka 2024 ulifikia miaka 12.6. Gari la umri huo limeshatoka nje ya udhamini wa kiwanda, lakini bado lina injini inayoweza kuhimili miaka mingi likitunzwa. Limefika pia katika kipindi ambacho mpira, plastiki na majimaji yake huchoka kwa pamoja: bushi (vipande vya mpira kwenye maungio ya sasipensheni), shokapu, mipira ya rejeta, gasketi, mikanda. Mkaguzi anayeliangalia kwa vipimo vya gari jipya hawezi kukosa vitu kumi vya kuandika. Asipoviandika, na kimoja kikaharibika wiki inayofuata, atakayeulizwa ni yeye.

Bei nayo ina ufundi wake. Kwa kawaida wakala hatozi muda ambao fundi ameutumia kweli, bali muda uliopangwa katika jedwali la kazi, ukazidishwa kwa kiwango cha saa cha karakana. Kiwango hicho kimebeba jengo, mashine maalumu, mafunzo, bima na udhamini wa kazi. Katika karakana nyingi fundi hulipwa kulingana na saa hizo za jedwali, na mshauri wa huduma aliye kaunta hupata kamisheni kwa anachokiuza. Hilo peke yake halimfanyi mtu kuwa mwizi, ila linamvuta kila mmoja kuongeza mistari katika orodha na kutoifuta. Jambo la tatu, ambalo ndilo huongeza gharama kuliko yote, ni kwamba wakala hubadilisha kifaa kizima pale ambapo fundi wa kujitegemea angetengeneza sehemu yake. Bushi mbili zikichoka, mkono mzima wa sasipensheni hubadilishwa. Kaboni za alteneta, mashine inayochaji betri, zikiisha, alteneta nzima huagizwa. Solenoidi, yaani valvu ya umeme, ya gia boksi ya otomatiki ikigoma, mteja anaweza kuandikiwa gia boksi kamili. Wakala ana sababu zake, maana kifaa kipya huwekwa haraka, hudhaminiwa kwa urahisi na hakimrudishi mteja kulalamika. Lakini sababu hizo ni za wakala, na anayelipa ni mwenye gari.

Kuifumua orodha kunaanza kwa kutenganisha mambo ambayo karatasi imeyachanganya. Breki, usukani, tairi, boljointi (maungio yanayoshika gurudumu kwenye sasipensheni), taa na mikanda ya usalama ni vitu visivyo na mjadala wa bajeti. Gari lenye kasoro hapo halipaswi kutembea, na asiye na fedha ya kuvitengeneza aliegeshe. Lakini hata hapa mtu anapaswa kudai vipimo. Pedi mpya ya breki huwa na unene wa kiasi cha milimita 10 hadi 12, na karakana nyingi hushauri ibadilishwe ikibaki kama milimita 3. Pedi iliyoandikwa nyekundu ikiwa na milimita 5 bado ina safari. Kina cha kashata za tairi, yaani mifereji ya uso wake, kina kiwango cha chini cha kisheria katika nchi nyingi, milimita 1.6, na kila karakana ina kifaa cha kukipima. Betri hupimwa, shinikizo la kila silinda hupimwa, uchezaji wa boljointi hupimwa. Mimi huyatilia shaka makadirio yoyote yenye neno «imechoka» bila namba pembeni yake.

Kundi linalostahili fikra nyingi zaidi ni la kasoro ndogo zinazoua vitu vikubwa, na hapa ndipo wale wanaoitupa orodha yote huumia. Mpira wa rejeta unaovuja hauonekani kuwa jambo la hatari, na bei yake ni ndogo. Lakini injini ikichemsha mara moja tu kwa uzito, gasketi ya silinda hedi huungua au hedi yenyewe hupinda, na matengenezo yaliyokuwa ya asubuhi moja yanakuwa ya kuifungua injini. Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, kwa magari yanayoutumia badala ya mnyororo, una umri uliotajwa katika kitabu cha gari, mara nyingi karibu na kilomita 100,000. Ukikatika katika injini ambayo pistoni na valvu hupishana katika nafasi ileile, valvu hupigwa na kupinda. Mtu mwenye fedha kidogo akilazimika kuchagua kati ya shokapu zilizochoka na mkanda uliopitiliza umri, atapata raha zaidi kwa shokapu, ila mkanda ndio unaolinda injini. Kazi kama hizi ndizo pia zinazofaa kufanywa kwa pamoja: mwenye kufungua mkanda wa taimingi abadilishe na pampu ya maji ikiwa inaendeshwa na mkanda huo, na mwenye kushusha gia boksi kwa ajili ya klachi aangalie sili ya nyuma ya injini, maana gharama kubwa hapo ni ya kufungua na kufunga, na kuilipa mara mbili ni hasara tupu.

Yanayobaki ni mambo ya starehe na ya kinga, na hapo karatasi nyingi hunenepa. Oili inayotoa jasho kwenye gasketi si sawa na oili inayodondoka. Ya kwanza inaweza kuangaliwa kwa miaka ilmuradi kipimo cha oili kinachomolewa mara kwa mara. Kiyoyozi kisichopoza vizuri, kelele ya bushi kwenye matuta, mota ya kioo iliyokufa, vyote vinaweza kungoja. Kusafisha nozeli na kusuuza injini kwa dawa, kazi zinazotajwa sana kaunta, zikaguliwe dhidi ya kitabu cha matengenezo cha gari lenyewe. Kampuni iliyolitengeneza gari isipoziandika humo, mwenye bajeti ndogo hana deni nazo. Tofauti na hizo ni oili ya breki, ambayo hunyonya unyevu kutoka hewani na ambayo makampuni mengi hutaka ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Hii inaonekana kama kazi ya kumwongezea wakala mapato, kumbe inahusu kusimama kwa gari kwenye mteremko mrefu.

Mifano miwili inaonyesha kwa nini bei kubwa mara nyingi ni dalili ya upimaji uliokomea njiani. Wa kwanza ni taa ya injini iliyowaka ikiwa na msimbo wa hitilafu P0420. Msimbo huo husema kwamba ufanisi wa kataliti ya ekzosi, kifaa kinachosafisha moshi wa injini, umeshuka chini ya kiwango, na wengi huandikiwa papo hapo kataliti mpya, kifaa ambacho ni ghali kwa sababu ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Lakini kompyuta ya gari haiioni kataliti; inalinganisha taarifa za sensa za oksijeni, moja kabla ya kataliti na nyingine baada yake. Tundu dogo katika bomba la ekzosi linaweza kuipotosha sensa, na sensa yenyewe inaweza kuwa imezeeka. Hata pale kataliti inapokuwa imekufa kweli, lipo swali la nini kiliiua. Injini inayokula oili, au silinda isiyochoma mafuta sawasawa, itaiua na kataliti mpya, na mwenye gari atakuwa amelipia kifaa cha thamani kuu ili kikafie palepale kilipofia cha kwanza. Wa pili ni uvujaji wa oili unaoonekana nyuma ya injini, karibu na gia boksi. Ukihukumiwa kwa macho, huandikwa kuwa ni sili ya nyuma, kazi inayodai gia boksi ishushwe. Lakini oili hutiririka kwenda chini na husukumwa nyuma na upepo wa mwendo, kwa hiyo gasketi ya kifuniko cha valvu, iliyo juu kabisa na isiyo na gharama kubwa, inaweza kuacha alama zilezile. Dawa ni kuosha injini, kutia rangi inayong'aa kwa taa maalumu, kuendesha siku chache na kutazama upya. Ni kazi ya subira ambayo jedwali la saa haliithamini.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya kulitengeneza gari kuukuu, na ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ni kwamba gharama ikizidi nusu ya thamani ya gari, au ikifikia thamani yake yote, gari liuzwe. Kanuni hii inapendwa kwa sababu ni rahisi kuikumbuka, lakini inalinganisha vitu viwili visivyohusiana. Tuchukue mfano wa kubuni: gari ambalo likiwa zima lingeuzwa kwa vipande 100, na makadirio ni vipande 80. Mwenye gari akiliuza bila kulitengeneza, mnunuzi atakata kasoro zote, na pengine atampa 50. Akitafuta gari jingine la kiwango kidogo juu ya lake, tuseme la 140, itambidi aongeze 90, yaani zaidi ya matengenezo aliyoyakimbia, na bado hajahesabu ada za kuhamisha umiliki, bima na riba kama amekopa. Isitoshe, ameliacha gari ambalo anazijua tabia zake, akachukua gari la mtu ambaye huenda naye alikuwa ameshikilia orodha yenye rangi nyekundu mkononi. Na hapo hatujaifumua hata ile 80. Mara nyingi sehemu yake ya lazima ni nusu au chini ya nusu, na iliyobaki inaweza kugawanywa kwa miezi. Ni kweli kwamba kutumia 80 hakutaongeza 80 katika bei ya kuuzia, lakini hiyo ni hasara kwa anayeuza. Anayebaki na gari ananunua miezi ya usafiri, na gharama yake inapaswa kugawanywa kwa miezi hiyo na kulinganishwa na gharama ya mwezi ya njia mbadala, ikiwa ni gari jingine, usafiri wa umma au kuishi bila gari.

Zipo hoja zenye uzito zaidi upande huo, na haifai kuzipita juu juu. Kutu iliyokula fremu au sehemu zinazobeba sasipensheni haina matengenezo ya bei nafuu yanayoaminika. Hapo gari limefikia mwisho, hata injini yake ikiwa inanguruma vizuri. Gari lililozama mafuriko litasumbua umeme wake kwa miaka. Injini na gia boksi zikidai ujenzi mpya kwa wakati mmoja, hesabu ya miezi niliyoieleza hukataa. Kisha kuna usalama ambao hakuna gereji inayoweza kuuongeza: mfumo wa kielektroniki wa kulidhibiti gari lisiteleze ulifanywa wa lazima kwa magari mapya mepesi ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 2012, na kwa magari yote mapya ya Umoja wa Ulaya kuanzia Novemba 2014. Mwenye gari la zamani zaidi ya hapo, lisilo na mfumo huo, anapoamua kutumia fedha nyingi kuliendeleza anaamua pia kuendelea kuukosa, na kwa mtu anayesafiri usiku au kwenye barabara zenye utelezi hiyo ni sababu ya haki ya kuuza, kuliko kanuni yoyote ya nusu ya thamani.

Wale wanaomwita wakala mnyang'anyi nao wanasahau kwamba yapo mambo ambayo yeye ndiye hodari. Ana taarifa za kiufundi za kampuni kuhusu kasoro zinazojirudia katika modeli fulani, ana programu za kusajili funguo na moduli (kompyuta ndogo zinazoendesha sehemu za gari), na mara nyingi huipata hitilafu ya umeme ambayo gereji nyingine ingeitafuta kwa kubadilisha spea moja baada ya nyingine, zote kwa fedha ya mteja. Fundi anayekisia ni ghali kuliko wakala, ila ughali wake huja kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo njia ninayoiona kuwa bora kwa bajeti ndogo ni kumlipa wakala kwa upimaji peke yake, kuchukua misimbo, vipimo na picha, kisha kupeleka kazi kwa gereji ya kujitegemea yenye uzoefu wa aina hiyo ya gari. Spea hazilazimiki kuwa zenye nembo ya gari. Vifaa vingi vilivyo ndani ya boksi la kampuni ya gari vilitengenezwa na makampuni kama Bosch, Denso, Aisin au ZF, ambayo huuza vya aina ileile kwa jina lao na kwa bei ya chini. Alteneta, stata na kompresa zilizofanyiwa ukarabati wa kiwandani hufaa. Mlango, kioo au taa iliyotoka kwenye gari lililobomolewa hufaa pia. Pedi za breki, mkanda wa taimingi na mifuko ya hewa havinunuliwi vikiwa vimetumika, na duka lisilojulikana lenye boksi linalofanana sana na la asilia liogopwe.

Kuna pia kazi moja ambayo wakala huifanya bure na ambayo wenye magari kuukuu huisahau: kutengeneza kasoro zilizotangazwa na kiwanda chenyewe. Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyowekwa katika magari ya makampuni mengi. Kilipuzi cha mifuko hiyo, chenye nitrati ya amonia, hudhoofika kwa miaka ya joto na unyevu, na mfuko unapofunguka unaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Marekani peke yake iliagiza kubadilishwa kwa takriban mifuko milioni 67. Hatari hii huongezeka kadiri gari linavyozeeka, na mwenye gari halipii kubadilishiwa mfuko. Kabla ya kubishana juu ya mstari wowote wa makadirio, namba ya chasi iangaliwe katika orodha ya kampuni au ya mamlaka husika.

Uwezo wa kuifumua orodha, hata hivyo, unategemea kuwapo kwa mtu mwingine wa kuifanya kazi, na hilo halina uhakika kama zamani. Tangu modeli za mwaka 1996 magari ya Marekani yalilazimika kuwa na tundu la pamoja la kusomea misimbo, na Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa miaka mingi hilo lilitosha kumpa fundi yeyote mwenye skana nafasi ya kushindana. Sasa moduli nyingi hazifanyi kazi mpaka zitambulishwe kwa programu ya kampuni, na taarifa za gari zinatumwa kwa njia ya mtandao moja kwa moja kwa mtengenezaji. Jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka 2012 sheria ya haki ya kutengeneza, inayowalazimu watengenezaji kuwapa mafundi wa kujitegemea taarifa za matengenezo, na mwaka 2020 wapiga kura wake wakaipanua ili iguse taarifa hizo zinazotumwa hewani, jambo ambalo makampuni ya magari yalilipinga mahakamani. Afrika Kusini nayo ilianza kutumia Julai 2021 miongozo ya ushindani inayowaruhusu wenye magari kutumia gereji za kujitegemea hata gari likiwa bado kwenye udhamini. Mijadala hii huandikwa kana kwamba inawahusu wanunuzi wa magari mapya, lakini watakaoihisi zaidi ni watakaoyanunua magari hayo yakiwa na miaka kumi na mitano. Mahali ambapo fundi wa kujitegemea anaweza kufunga kifaa lakini hawezi kukisajili, mwenye gari atarudi kaunta ileile akiwa na vipimo vyote mkononi, na bei ya wakala itakuwa ndiyo bei pekee iliyopo.